Uwanja wa Malindi ukipanuliwa, na mnara nao utazamwe

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lenu nizungumzie jambo ambalo hapa Malindi hatulizungumzi kabisa. Kila kikao cha uwanja wetu wa ndege ni runwei tu, runwei irefushwe mpaka kilomita 2.5, fidia za mashamba, ndege kubwa za watalii zije moja kwa moja bila kupitia Mombasa, na mie yote hayo nayaunga mkono maana vijana wetu hawana kazi na hoteli kadhaa zimefungwa. Lakini sijasikia hata mtu mmoja akiuliza habari za mnara, nani watakuwa mle ndani wakiongea na hizo ndege, wangapi, na redio zao zikoje.

Mie si rubani wala mwongoza ndege, nimefanya kazi ya kupakia mizigo uwanjani miaka mingi, na ukikaa na marubani wakisubiri abiria wa Lamu utasikia mengi halafu unaenda kusoma mwenyewe. Wanachokisema wengi wao ni kwamba redio inakuwa ngumu zaidi wakati wa kushuka. Ndege ikiwa juu kule maneno ni machache, ikianza kushuka tu, ndani ya dakika chache rubani anapewa kimo kipya, mwelekeo mpya, spidi, kipimo cha presha ya hewa, runwei ya kutua, masafa mengine ya redio ahamie, na huku anaiweka ndege sawa itue na pengine wingu la masika limemkalia mbele. Na redio yenyewe ni ya masafa ya VHF, wote wanatumia njia moja, anaongea mmoja tu kwa wakati mmoja, wawili wakibonyeza pamoja wengine wanasikia mlio tu, na wale wawili kila mmoja anadhani ujumbe wake umefika.

Kinga kubwa iliyopo ni kurudia. Mwongoza ndege anatoa agizo, rubani analirudia, halafu mwongoza ndege anasikiliza kama kilichorudiwa ndicho alichosema. Ni sawa na kwa wakala wa M-Pesa, unamtajia namba, anakusomea tena, na wewe unatakiwa usikilize. Sasa akikusomea yenye kosa na wewe ushageuka unaongea na mwengine, pesa zimeenda.

Ilitokea Malaysia tarehe 19 Februari 1989. Boeing 747 ya mizigo ilikuwa inatoka Singapore inashuka Kuala Lumpur, mwongoza ndege akawaambia kwa Kiingereza washuke "two four zero zero", yaani futi 2,400. Rubani akasikia ile "two" kama "to", kwamba washuke hadi futi 400, akajibu sawa, "four zero zero". Hilo jibu lilikuwa wazi kabisa, kosa liko pale mezani, mtu wa mnara hakulikamata, na ndege ikapiga kilima, wanne wote waliokuwemo wakafa. Kama angetamka elfu mbili na mia nne, kama utaratibu unavyotaka, huenda wangeishi. Na chombo cha kuonya kwamba ardhi iko karibu kilikuwa kinapiga kelele mle ndani, hawakukifuata.

Halafu kuna ya Paris, hii ndiyo inayonitisha zaidi kwa sababu rubani alirudia vizuri. Mei 2022, Airbus A320 kutoka Stockholm inashuka Charles de Gaulle, kuna mvua na mawingu. Kipimo cha presha ya hewa, ambacho rubani anakiweka kwenye altimita, chombo kinachomwonyesha kimo cha ndege, kilikuwa hektopaskali 1001, mwongoza ndege akatamka 1011. Rubani akarudia 1011, kama alivyoambiwa, kwa hiyo masikioni mwa wote wawili mambo yako sawa. Tofauti ni hektopaskali 10 tu, lakini kila moja ni kama futi 28, kwa hiyo altimita ikawa inawaonyesha wako juu kama futi 280 kuliko walivyokuwa kweli. Ile ndege ilifika futi 6 kutoka ardhini, futi 6 jamani, kimo cha mtu mrefu, na runwei bado haijafika. Walipoinua ndege waliinua kwa sababu hawajaiona runwei, hawakujua kabisa kwamba wako karibu na nchi kiasi kile. Hakuna aliyeumia. Tarakimu moja.

Mtu asiniambie hayo ni ya Wazungu na lugha zao, Kiingereza cha redio kina viwango vyake na tangu Machi 2008 ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, inataka rubani wa safari za kimataifa na mwongoza ndege wafike angalau kiwango cha 4. Lugha ni nusu tu. Nusu nyengine ni woga na heshima iliyokaa pasipofaa. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca kutoka Colombia ilizungushwa angani zaidi ya saa nzima kabla ya kutua New York kwa ajili ya hali ya hewa, mafuta yanaisha, rubani msaidizi akasema wanahitaji kupewa kipaumbele, akasema hata mafuta yanawaishia, lakini lile neno la dharura au Mayday halikutoka kinywani mwake, na mnara ukawachukulia kama ndege nyengine yoyote iliyo kwenye foleni. Mafuta yakaisha, ndege ikaanguka, wakafa watu 73. Sie huku tumelelewa tusimkatize mkubwa akiongea, na ni malezi mazuri, ila kijana wa Pwani akiingia kwenye chumba cha rubani au kwenye mnara inabidi afunzwe mpaka azoee kusema "rudia sijakusikia" bila kuona haya, hata anayeongea naye awe na mvi.

Nakuja kwenye ombi langu. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya TWA, kampuni ya Marekani, ilikuwa inashuka karibu na Washington, ikaambiwa imeruhusiwa kuanza kuusogelea uwanja, rubani akaelewa anaweza kushuka moja kwa moja mpaka futi 1,800, mnara ukadhani yeye mwenyewe ataangalia milima kwenye ramani yake. Ikapiga mlima, wakafa 92. Wiki sita kabla, marubani wa kampuni nyengine walikuwa nusura wafanye kosa lile lile mahali pale pale, wakaripoti kwa kampuni yao, kampuni ikawaonya marubani wake, basi, ikaishia hapo na wengine hawakusikia. Ndio Wamarekani mwaka 1976 wakaanzisha utaratibu chini ya NASA, shirika lao la anga, rubani au mwongoza ndege anaandika kilichotokea, jina linaondolewa, na mafunzo yanasambazwa kwa wote.

ICAO inaitaka kila nchi iwe na njia kama hiyo. Naiomba KCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga Kenya, yale inayoyapata kwa njia hiyo, hasa maagizo yaliyosikika vibaya wakati wa kushuka, iyatoe wazi bila majina ya watu, na magazeti kama hili lenu yayachapishe, kwa sababu sie ndio tunaokaa kwenye vile viti. Na wenzangu wa Malindi na Lamu, mkiitwa kutoa maoni ya upanuzi wa uwanja, baada ya kuuliza habari za fidia na runwei ulizeni pia kila zamu mnarani itakuwa na watu wangapi, na redio kuu ikizima ya akiba iko wapi na mara ya mwisho ilijaribiwa lini.

Msomaji wenu,
Malindi