Meno ya bandia kabla ya sendofu ya binti yangu: niharakishe au nisubiri?

Kamwene, mshauri. Mimi ni mama wa miaka 57, nauza mchele na maharage hapa Mafinga. Binti yangu wa mwisho anaolewa na kijana wa Tukuyu, na sendofu tumeipanga mwisho wa Agosti. Sasa ni katikati ya Juni. Kamati imeshaanza vikao, kadi za michango zimesambaa, wenzangu wanabishana rangi ya vitenge, na mimi ninachowaza ni mdomo wangu.

Meno ya juu ya nyuma yaliisha zamani, moja moja. Yamebaki sita ya mbele, na yote yanacheza. Daktari wa kinywa na meno niliyemwona Iringa alinipiga picha, akanionyesha kwamba mfupa unaoyashika umeliwa na ugonjwa wa fizi, hakuna la kuokoa. Mimi pia nina sukari, na alinieleza kuwa hivyo viwili vinachocheana: sukari ikipanda fizi zinaharibika upesi, na fizi zikiugua sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Hatagusa jino mpaka itulie, maana vidonda vitachelewa kupona. Hilo nimelipokea. Ulanzi nimeuacha, ingawa kusema kweli msimu wake ulikuwa umeshapita.

Kinachoninyima usingizi ni njia mbili alizonipa.

Ya kwanza ni kung'oa yote sita, kisha kukaa bila meno ya juu wiki sita hadi nane fizi zipone, ndipo aanze kuchukua vipimo. Kila hatua ina safari yake ya Iringa: siku ya kuuma ule ujiuji unaogandia mdomoni, siku ya kupima taya zinavyokutana, siku ya kujaribisha meno yakiwa bado yamepangwa kwenye nta ili niseme kama ni marefu au meupe mno, na siku ya kuyachukua. Hesabu hata mtoto anaiona. Agosti itanikuta kibogoyo.

Ya pili ni kuchukua vipimo sasa hivi, meno yangu yakiwa bado yapo. Fundi wa maabara anatengeneza sanamu ya plasta ya mdomo wangu, anayakata meno yale sita kwenye sanamu, anapanga ya bandia mahali pake. Siku ya kung'oa naingia na meno yangu na kutoka na ya dukani. Nilipoisikia hii nilifurahi mpaka nikataka kumlipa pale pale. Lakini akaendelea, na alivyoendelea furaha ikapungua. Kwanza, ya mbele siwezi kujaribishiwa, kwa hiyo nitajua sura yangu mpya siku hiyo hiyo nikiwa na ganzi na damu. Pili, saa 24 za mwanzo siruhusiwi kuyatoa, kwa sababu fizi zikivimba hayatarudi. Tatu, na hili ndilo kubwa, fizi na mfupa hunywea baada ya kung'oa, zaidi sana miezi ile ya mwanzo. Meno yanayobana leo yatapwaya baadaye. Itabidi yaongezewe plastiki kwa ndani, na baada ya miezi kadhaa huenda nikahitaji mapya kabisa. Yaani nilipe mara mbili, mwaka huu huu wa harusi.

Nyumbani kila mtu ana lake. Baba watoto anasema niende na mapengo yangu, nani hajui kuwa mama wa miaka 57 anang'oka meno? Ni rahisi kwake, yake yote yapo na anatafuna mifupa ya kuku. Binti anataka njia ya pili kwa ajili ya picha. Shemeji naye amenitajia fundi wa mtaani, anakuja mpaka nyumbani, anaweka meno kwa siku moja kwa bei ya kuku wawili. Huyo nimemkataa. Jirani yangu aliwekewa namna hiyo, plastiki imegandishwa kwenye meno mazima ya pembeni, haitoki, haisafishiki chini yake, na sasa hata yale mazima yanauma. Binti wa jirani mwingine aligusia meno ya kupandikizwa kwenye mfupa. Niliuliza bei, nikaomba nibadilishiwe mada.

Kuna na mambo ambayo niliona aibu kumuuliza daktari, naye ni kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza.

La kwanza ni vigelegele. Msicheke. Mama wa binti hawezi kukaa kimya ukumbini, na upande wa mume ukianza kupiga vyao sisi tutajibu. Najua meno ya juu hushikwa na kaakaa, plastiki inakaa juu ya mate kidogo na kujinyonya hapo, ndiyo maana hukaa vizuri kuliko ya chini, ambayo ulimi huyasukuma. Lakini ulimi unapocheza kwa kasi ile, mdomo wazi, hewa haiingii nyuma ikayaangusha? Aliyewahi kupiga vigelegele akiwa na meno ya juu ya bandia aniambie ukweli.

La pili ni neno la mama. Nitashika maikrofoni nimnasihi mwanangu mbele ya wakwe. Daktari alisema "s" na "f" zitatoka na filimbi siku za mwanzo, mate yatajaa, na kwamba dawa yake ni kusoma kwa sauti kila siku. Zaburi ninazo nyingi. Je, wiki tatu au nne za mazoezi zinatosha kwa mtu ambaye bado ana vidonda?

La tatu ni mawifi. Nimeambiwa usiku meno yatoke, yalale kwenye maji ya baridi, fizi zipumzike, la sivyo kaakaa litawasha na kuota fangasi, na mwenye sukari yuko hatarini zaidi. Wiki ya sherehe nitalala chumba kimoja na mawifi watatu. Baba watoto akiyaona meno kwenye kikombe si kitu, tumeshaonana mengi. Mawifi ni habari nyingine. Nikiyaacha mdomoni usiku mmoja au miwili tu nitadhurika?

Chakula hakinitishi sana. Keki ni laini. Kande itasubiri, na mahindi ya kuchoma nitayapukuchua kwanza, kwa kuwa nimeelezwa kuwa ukiyang'ata kwa meno ya mbele ya bandia, nyuma yananyanyuka.

Mimi moyo wangu umeegemea njia ya pili, hata kwa kulipa mara mbili. Ila naogopa nisije nikawa na vidonda vya plastiki inayosugua wiki ile ile, nikanuna kwenye picha zote, heri ningekaa na mapengo. Njia ya tatu ninayoiona mwenyewe ni kuyaacha haya sita yanayocheza mpaka sendofu ipite, nitulize sukari kwa nafasi, ning'oe Septemba. Hiyo sijamuuliza daktari. Je, kuna hatari ya kuyaacha miezi miwili zaidi, au moja linaweza kudondokea kwenye keki?

Naomba jibu kabla ya mwisho wa mwezi, maana vipimo vikichukuliwa ni lazima viwahi. Jina langu msilitoe, mawifi wanasoma.

Mama wa Binti, Mafinga