Barua kwa wanangu mnaosomea ualimu wa Kiingereza

Wanangu mlioko vyuoni hapa Mwanza,

Nimeudhika, na sitaficha. Juzi nilikaa nyuma ya darasa la kidato cha kwanza, mwalimu wa BTP, yaani mwanachuo aliye kwenye mazoezi ya kufundisha, akamaliza kipindi cha dakika 40 akiutazama ubao. Mwandiko mzuri, chaki imemjaa mkono wa shati, lakini sentensi za Kiingereza zilizomtoka zinahesabika. Kila akimaliza aya anauliza kama wameelewa, darasa zima linaitikia. Binti wa dawati la pili akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiswahili. Mwalimu akajifanya hakusikia.

Nikamfuata ofisini. "Mzee, nikichapia watanicheka." Wanafunzi? "Hapana, wenzangu wa chuoni."

Ugonjwa uko hapo. Bwenini mwenzenu akijaribu ung'eng'e, mnasema anajidai Mzungu. Akikosea, anapewa jina la utani analoondoka nalo hadi mahafali. Na haya mmeyatoa kwetu wakubwa. Mtu akikosea Kiingereza mbele ya kamera, video inazunguka simu kwa simu, wazazi wanacheka watoto wakiwatazama. Halafu mtoto aliyesomeshwa msingi kwa Kiswahili anaingia sekondari, anakuta masomo yamegeuka Kiingereza, anafunga mdomo, nasi tunamwita mzito! Huyo mtoto anahitaji kumwona mwalimu wake akikosea, akijisahihisha, akiendelea kuongea bila aibu.

Basi kabla ya kulala, kaeni wawili wawili. Mmoja aeleze kwa Kiingereza jinsi dagaa wanavyofungashwa na kupakiwa pale soko la Mwaloni, Kirumba; mwenzake amhoji kama mnunuzi. Asimkatize kumsahihisha, amwache amalize. Jirekodini kwa simu, sikilizeni asubuhi, kisha palipokwama parudiwe. Dagaa mnawajua tangu utotoni, kwa hiyo akili yote itabaki kwenye lugha. Mkizoea, hamieni kwenye mada ngumu.

Darasani, wageukieni watoto. Msiulize maswali ya kuitikiwa ndiyo. Ukishauliza, subiri. Anayeuliza kwa Kiswahili mjibu, kisha msaidie alirudie swali lake kwa Kiingereza. Someni kwa sauti kila siku.

Nanyi wakufunzi, mkija kukagua BTP msiishie kwenye andalio la somo na usafi wa ubao. Hesabuni ni wanafunzi wangapi wameongea, na alama zitoke hapo.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu,
Nyegezi