Maandalizi ya simulizi za Jumamosi

Ndugu wanakikundi, salaam.

Tutakutana Jumamosi saa nne asubuhi, mahali petu pa kawaida. Kila msimulizi atapewa dakika tano, akifuata mpangilio anaoufundisha Marshall Ganz wa Chuo Kikuu cha Harvard: hadithi yangu (kilichonisukuma mimi), hadithi yetu (tunachoshiriki pamoja), hadithi ya sasa (hatua inayotakiwa sasa).

Tafadhali chagueni tukio moja tu na kulieleza kwa ukaribu, hata jambo dogo kama mkono uliotetemeka wakati wa kutia saini, kwa kuwa hapo ndipo msikilizaji anapoguswa. Kisha hitimisheni kwa ombi moja kwa wasikilizaji, linaloweza kutekelezwa wiki hiyohiyo. Anayemtaja mtu mwingine apate kwanza ridhaa yake. Hili nalisisitiza sana.

Naomba kila msimulizi athibitishe hapa kabla ya Alhamisi jioni, akitaja ombi atakalolitoa.

Ahsanteni,
Mratibu