Barua kwa mwanangu: pikapu ya msiba na Kifungu cha 5

Landstuhl, Februari 2026

Mwanangu mpenzi,

Mimi sijambo, ila mgongo tu, na najua utasema nipunguze kazi, basi hilo tuliache. Barua yako ya jeshi ilifika Jumanne. Nilikutumia picha yake, ukapiga simu papo hapo na kuniuliza maswali mawili kwa pumzi moja: nijaze nini, na wanajeshi wa Marekani walio hapa Ujerumani wakiondoka itakuwaje. Nikakwambia nina mteja. Sikuwa na mteja, Mungu anisamehe. Nilitaka muda wa kufikiri, maana mimi nikifikiri kwenye simu hunitoka maneno ya ovyo. Nakuandikia kwa Kiswahili. Ukikwama soma kwa sauti, sikio lako linajua kuliko jicho.

Tuanze na karatasi yenyewe, hiyo ni nyepesi. Sheria mpya ya jeshi ilipita Bundestag, Bunge la Ujerumani, mwezi Desemba, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari. Mvulana mwenye uraia wa Ujerumani aliyezaliwa 2008 au baadaye, akitimiza miaka 18 anatumiwa barua yenye ule mraba wa kupiga kwa kamera ya simu, na ni lazima ajibu: urefu, uzito, masomo, hali ya mwili, na kama ana hamu ya kulitumikia jeshi. Wasichana ni wakipenda. Kujibu ni lazima, kwenda jeshini bado ni hiari, ingawa wameacha upenyo kwamba watu wakipungua Bunge linaweza kuamua vingine. Wanataka wanajeshi 260,000 ifikapo 2035, na leo wana 180,000 na ushei. Anayejiunga hupata kama euro 2,600 kwa mwezi kabla ya makato. Nakujua wewe: jicho lako lilisimama hapo.

Baba yake babu yangu naye alilitumikia jeshi la Wajerumani. Hakuandikiwa barua. Mwaka 1914 vita ilipofika Tanga, walipita vijijini huko nyuma ya Muheza wakitafuta wapagazi. Hakuulizwa urefu wala uzito, waliangalia mabega. Alirudi bega moja limeshuka, na babu alikuwa akituigizia mwendo wake mpaka tunacheka, kisha anatukaripia kwa kucheka. Sikwambii haya ili uwachukie Wajerumani, wewe mwenyewe ni Mjerumani. Nakwambia ili ujue kwamba kuulizwa nako ni kitu. Ukiulizwa, jibu kama mtu aliyeulizwa.

Sasa la Wamarekani.

Wewe umekulia hapa, ndege za kambi yao ya Ramstein kwako ni kama mvua. Mimi nimewajua kwa nguo zao. Yale mavazi ya kazini siku hizi vyeo vinabandikwa tu, lakini la sherehe lazima lishonwe, na wakiniletea mengi kwa wiki moja najua kuna kikosi kinahamishwa kabla gazeti halijasema. Eneo hili la Kaiserslautern lina Wamarekani wapatao 50,000, wanajeshi na wake na waume na watoto wao. Oktoba iliyopita, serikali yao ilipofungwa kwa kukosa bajeti, mishahara ya raia wa hapa wanaofanya kazi kambini ilikwama, na serikali ya Berlin ikaamua kuitoa yenyewe. Watu elfu kumi na kitu hao. Wiki ile dukani hakuna aliyetamka neno NATO, ule umoja wa kujihami wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, lakini kila aliyeingia aliuliza hilohilo uliloniuliza wewe.

Basi nikaketi nikakisoma hicho Kifungu cha 5 cha mkataba wa NATO kinachotajwa na kila mtu. Mwanzo wake unaujua: akishambuliwa mmoja, wameshambuliwa wote. Watu huishia hapo. Endelea mbele kidogo. Kinasema kila mwanachama atamsaidia aliyeshambuliwa kwa kuchukua hatua atakayoona ni ya lazima, ikiwemo kutumia nguvu za kijeshi. Atakayoona yeye! Karatasi haimlazimishi mtu kutoa hata risasi moja. Nao waliotia saini kule Washington tarehe 4 Aprili 1949, nchi 12, walijua wanachoandika, kwa sababu maseneta wa Marekani wasingekubali kuingizwa vitani bila wenyewe kuamua. Leo ni nchi 32, Finland ikiwa imeingia 2023 na Sweden 2024, na maneno ni yaleyale.

Nilipofika kwenye neno hilo nikacheka peke yangu, kwa sababu nalijua. Mtaani kwetu Tanga tulikuwa na chama cha kufa na kuzikana. Katiba yake ilikuwa kurasa mbili kwenye daftari la shule: mwanachama akifikwa na msiba, wenzake watamsaidia kwa kadiri ya uwezo wao. Kadiri ya uwezo wao. Sikumbuki kumwona mtu akiifungua. Mtu akifa unaona tu maturubai yameshafika, masufuria yameshafika, kuni zimeshuka, na pikapu ya mzee mmoja muuza mbao imekwenda hospitali kuchukua maiti. Ndiyo ilikuwa gari pekee mtaani. Sisi wengine tulichanga vijisenti, na wapo waliochelewesha hata hivyo vijisenti.

Siku moja kwenye kikao yule mzee akasimama akasema mbele ya watu: gari langu, mafuta yangu, dereva wangu, na nyie hata mchango wenu mdogo unawashinda, basi msidhani nitakuja kila mara. Alikuwa na haki? Alikuwa nayo. Baba yangu mwenyewe alikuwa anadaiwa miezi mitatu. Haukupita muda bibi akafariki, usiku wa mvua. Na pikapu ilikuja, mwanangu. Ilikuja, tena mzee mwenyewe ndiye aliyeshika usukani. Lakini ninachokikumbuka mimi ni wajomba zangu wamesimama barazani tangu alfajiri, hawasemezani, wote wanatazama barabara. Kabla ya kile kikao hapakuwa na mtu aliyetazama barabara.

Msibani hakuna adui anayengoja kuona kama gari litakuja. Huku yupo, na barabara anayoitazama ni hiyohiyo.

Ndiyo maana wanaosema "lakini Marekani haijaondoka" hawanitulizi sana. Ni kweli haijaondoka. Tena mara moja pekee kifungu hicho kilipotumika, aliyesaidiwa alikuwa Marekani: siku moja baada ya mashambulio ya Septemba 11, 2001. Ndege za rada za NATO zilivuka bahari zikalinda anga ya Wamarekani hadi Mei 2002. Halafu ikaja Afghanistan. Wajerumani 59 walikufa kule, Waingereza 457, na Denmark, nchi ya watu milioni sita hivi, ilizika zaidi ya 40. Majeruhi wa mataifa mengi walipitia hospitali hii ya hapa kwetu, ile ya juu kilimani. Kwa hiyo mwezi uliopita Rais Trump aliposema kwamba wenzao walikaa nyuma kidogo ya mstari wa mbele, nilikuwa nampima suruali mteja wangu mmoja, sajenti mtu mzima aliyewahi kufika huko, na redio ilikuwa wazi. Akatazama viatu vyake. Alilipa, akasahau chenji.

Hiyo ilikuwa wiki ileile ya Greenland, kisiwa kilicho chini ya Denmark. Marekani ina kambi kule, Pituffik, na mkataba na Denmark wa tangu 1951 unaowapa nafasi kubwa ya kufanya mambo yao ya ulinzi. Bado Trump akaitaka nchi yenyewe. Nchi 8 za Ulaya, Ujerumani ikiwemo, zikatishiwa ushuru, kisha tarehe 21 Januari huko Davos, Uswisi, baada ya mazungumzo na Rutte, katibu mkuu wa NATO, vitisho vikarudishwa mfukoni. Utaambiwa hawa watu wamegombana siku zote, na ni kweli. Mwaka 1956 Marekani iliwabana Uingereza na Ufaransa mpaka wakauacha Mfereji wa Suez kule Misri. Mwaka 1966 de Gaulle, rais wa Ufaransa, aliwatoa wanajeshi wake kwenye uongozi wa pamoja, makao makuu yakahamia Ubelgiji. Mwaka 2003 Ujerumani na Ufaransa zikaikataa vita ya Iraq. Lakini Suez na Iraq zilikuwa habari za mashamba ya watu wengine, na de Gaulle alichukua vyombo vyake tu jikoni. Mwanachama kuitaka nyumba ya mwanachama mwenzake, hilo hata katiba yetu ya daftari haikuliandika, kwa kuwa hapakuwa na aliyeliwaza.

Na mchango je? Hapo Ulaya haina pa kujificha. Mwaka 2014 nchi za NATO zilikubaliana kila moja ifikie asilimia 2 ya pato lake kwenye ulinzi, na Ujerumani, yenye uchumi mkubwa kuliko wote hapa, ilikaa chini ya hapo karibu miaka kumi. Sasa wameapa mambo makubwa. Juni 2025 kule The Hague walikubaliana asilimia 5 ifikapo 2035: 3.5 kwa jeshi lenyewe na 1.5 kwa mambo ya jirani kama barabara, madaraja na ulinzi wa mitandao. (Hiyo 1.5 mimi naiona kichekesho. Kila daraja bovu la jimbo letu la Rheinland-Pfalz sasa litaitwa daraja la kijeshi.) Hispania ikasema yenyewe kidogo kitaitosha.

Hela wanayo, muda ndio hawana. Machi 2025 Marekani ilisitisha kwa siku chache kuipa Ukraine taarifa za kijasusi, na Ulaya nzima ikagundua kwamba macho yake ya angani hayatoshi. Wanapungukiwa setilaiti, ndege za kujazia mafuta angani, ndege kubwa za mizigo, na makombora ya kutungua makombora. Hivyo huvinunui Jumamosi sokoni. Tuwape haki yao lakini: Septemba 2025, droni za Urusi kama 20 zilipoingia Poland usiku, zilikimbiliwa na ndege za kivita, F-16 za Wapoland wenyewe na F-35 za Waholanzi, ndege ya rada ya Waitaliano ikiwa juu, na mitambo ya Patriot ya Wajerumani, ile ya kutungua makombora, ikiwa tayari chini. Pikapu kutoka nyumba nne tofauti. Ila zitazame vizuri: F-16, F-35, Patriot, zote ni mali ya kiwanda cha Marekani, na vipuri vyake vingi vinatoka huko.

Wataondoka? Sidhani kama wataondoka wote. Oktoba walitangaza kupunguza askari Romania, ikaonekana ndio mwanzo. Desemba Bunge lao likapitisha sheria kwamba wanajeshi wao Ulaya wasishuke chini ya 76,000 kwa zaidi ya siku 45 bila wizara yao kutoa maelezo. Halafu Ramstein haiwalindi Wajerumani peke yao, inawafaa Wamarekani wenyewe kwenda Mashariki ya Kati na Afrika. Hapo ulipo wewe, Stuttgart, ukipanda treni kuelekea Möhringen unaipita kambi inayoongoza majeshi yao ya karibu Afrika nzima. Januari 2020 al-Shabaab waliposhambulia uwanja wa Manda Bay, Lamu, wakafa Wamarekani watatu, simu zililia Stuttgart. Na Kifungu cha 5 hakikuhusika, maana kinahusu Ulaya na Amerika Kaskazini, si Afrika. Mtu wa Lamu hayumo kwenye daftari lile.

Mimi ninavyoona, gari litabaki, ila halitakuwa moja, na mwenye lile kubwa atakuja akipenda. Hapo ndipo maswali yako mawili yanapokutana, mwanangu, na ndiyo sababu sikutaka kukujibu kwa simu.

Wajerumani wanapeleka brigedi Lithuania, Brigedi ya Vifaru ya 45. Ilizinduliwa Vilnius Mei 2025, na ifikapo 2027 inatakiwa iwe na watu kama 5,000, wakae huko huko. Ni mara ya kwanza tangu Vita Kuu ya Pili Ujerumani kuweka brigedi nzima ya kudumu nje ya mpaka wake. Lithuania ina watu wasiofika milioni tatu, na Urusi, kwa kile kipande chake cha Kaliningrad, upande mmoja na Belarus upande wa pili. Huko nako kuna watu barazani wanatazama barabara, ila wao hawamtazamii Mmarekani peke yake. Wanamtazamia Mjerumani. Ukiandika kwenye fomu kwamba una hamu, gari ni wewe.

Sikukatazi. Ningekuwa mwongo nikisema moyo wangu haujakataa, lakini moyo wa mama hata safari ya kuteleza theluji huikataa. Ninachokukataza ni kujaza kwa sababu ya 2,600, na pia kukataa kwa sababu rafiki zako wanacheka. Yule mzee wa mbao alituudhi kwa aliyoyasema kikaoni, lakini usiku ule wa mvua aliendesha mwenyewe. Kama huwezi kuendesha usiku wa mvua kwa ajili ya watu usiowajua majina, andika huna hamu, ni jibu halali na karatasi inalikubali. Kama unaweza, mimi nitalia siku mbili kisha nitakupimia nguo.

Karatasi yenyewe nimeiweka kwenye droo ya uzi, chini ya bati la vifungo, na tarehe ya mwisho nimeizungushia kalamu nyekundu. Usiniachie mimi niijaze, nitakuandika mfupi. Ukija Ijumaa njoo na lile koti lenye zipu mbovu, na upitie kwa yule Mturuki wa kituoni uchukue iliki, ya hapa wanaiuza kama dhahabu.

Mama yako