Miaka ya sitini haikuchomekwa

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka 20, na katika muda huo wote sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja, si kwa kukosa la kusema, bali kwa kuwa nililelewa na mama aliyeamini kwamba mtu mzima halalamiki kila anapokereka. Makala ya ukurasa wenu wa runinga ya Jumapili iliyopita, ile iliyohusu tamthilia ya Uingereza ya Inspector George Gently, imenifanya niyape mgongo malezi hayo, na naomba uniwie radhi kalamu yangu ikikwaruza.

Utakumbuka kwamba kijana wenu (namwita kijana kwa kuwa maandishi yake yenyewe yanamsema) alijigamba kuwa ameitazama tamthilia yote kwa siku nne. Ina vipindi 25, kila kimoja cha kama saa moja na nusu, na shirika la BBC lilichukua miaka 10, kuanzia 2007 hadi 2017, kuvitoa. Baada ya kuvimeza hivyo, akatoa hukumu zake: kwamba mambo yanakwenda kwa mwendo wa kinyonga, kwamba habari za ubaguzi wa rangi, utoaji mimba na mapenzi yaliyokatazwa zimechomekwa ili kuwaridhisha watazamaji wa leo, na kwamba raha ya tamthilia hiyo ni kuturudisha katika enzi za utulivu, enzi za kofia, makoti marefu na magari yenye umbo zuri.

Mhariri, mimi nilikuwa huko. Nilifika kaskazini-mashariki mwa Uingereza, sehemu ile ile ambako Inspekta Gently na msaidizi wake Sajini Bacchus wanafanyia kazi, mwezi Septemba 1965, nikiwa binti wa miaka 18 kutoka Tanga aliyekwenda kusomea uuguzi, na niliondoka mwaka 1970, ambao ndio mwaka tamthilia yenyewe inapoishia. Mpwa wangu aliponiletea dividii zake sikuzitazama kwa siku nne. Zilinichukua karibu mwaka mzima, kwa sababu vipo vipindi ambavyo nilivizima katikati nikatoka nje kumwagilia mchicha.

Nianze na huo mwendo wa kinyonga. Hadithi inaanza mwaka 1964, na mwaka huo Uingereza ilikuwa bado inanyonga watu; wawili wa mwisho walinyongwa asubuhi moja, tarehe 13 Agosti, katika magereza mawili tofauti. Bunge lao lilisimamisha kitanzi mwezi Novemba 1965, nami nina miezi miwili tu nchini, likasema tutajaribu kwa miaka mitano kwanza, na ni mwezi Desemba 1969 ndipo lilipoamua kwamba jambo hilo limekwisha kabisa. Mpelelezi anayejua kwamba akikosea mtu atakufa kwa kosa lake ana haki ya kukaa kimya, kuvuta kiti, na kuuliza swali lile lile mara ya tatu. Kijana wenu angependa akimbie juu ya mapaa ya nyumba huku akipiga bastola.

Hilo ningelisamehe. Lisilosameheka ni neno "zimechomekwa". Usiku mmoja wa mwanzoni mwa mwaka 1967 nilikuwa zamu katika wodi ya wanawake ya hospitali ambayo sitaitaja, nikiwa bado mwanafunzi. Akaletwa msichana aliyekaribiana nami umri, anatetemeka kwa homa, shuka chini yake imelowa damu, na harufu ambayo muuguzi akishaijua hahitaji daktari wa kumweleza kilichotokea. Kutoa mimba wakati huo kulikuwa ni jinai chini ya sheria ya mwaka 1861, kwa aliyetoa na kwa aliyetolewa pia. Kabla ya daktari kumaliza kumpima aliingia askari wa upelelezi, amevaa kofia na koti refu ambalo kijana wenu angelisifia, akavuta kiti karibu na kitanda, akafungua kijitabu chake na kumuuliza ni nani aliyemfanyia. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kwa upole kabisa, kwa sauti ya mtu anayetaka jina kabla shahidi hajafa, na alilirudia swali lake huku mimi nikiwa nimeshika beseni na kuona midomo ya yule msichana inavyozidi kubadilika rangi. Msichana alinitazama mimi, si yeye, wala hakusema neno. Sista wetu, yaani muuguzi mkuu, mwanamke mfupi wa Durham ambaye sote tulimwogopa kuliko tulivyowaogopa madaktari, alikuja akasimama kati ya kiti na kitanda, akavuta pazia, akamwambia askari arudi asubuhi. Yule bwana alifunga kijitabu chake bila kubisha, na alipokuwa akinipita mlangoni, pengine kwa kuwa hakutaka kuondoka bila jibu lolote usiku ule, akaniuliza mimi nitarudi lini kwetu. Nilimjibu kwamba zamu yangu inakwisha saa mbili asubuhi. Msichana alipona, lakini jina halikupatikana. Sheria mpya ilipita mwezi Oktoba mwaka huo huo na ikaanza kutumika mwishoni mwa Aprili 1968, na tangu hapo idadi ya vitanda tulivyokuwa tukivitandikia mipira ya kuzuia damu usiku ikaanza kupungua. Sasa mtu ambaye bibi yake huenda hakuwa ameolewa wakati huo ananiambia kwamba mambo haya yamebuniwa ofisini ili kumfurahisha yeye.

Angetulia akatazama, angeona kwamba hayo anayoyaita machomeko ndiyo mifupa ya hadithi yenyewe. Kazi ya mpelelezi ni kuwafanya watu waseme, na katika miaka ile nusu ya watu wenye la kusema walikuwa wenyewe wanavunja sheria kwa kule tu kuishi maisha yao. Mwanamume aliyeona mauaji akiwa na mwanamume mwenzake faraghani hakuweza kusema alikuwa wapi, kwa kuwa hadi Julai 1967 jibu lake lingempeleka jela, na hata baada ya hapo ruhusa ilikuwa kwa waliotimiza miaka 21 tu. Huyo ni shahidi aliyefungwa mdomo, sawa na yule msichana wangu wa wodini, na sheria inapobadilika katikati ya hadithi ulimi wake nao unafunguka au unazidi kukazwa.

Kijana wenu anashangaa pia watu weusi na Waarabu wametokea wapi katika miji ya kaskazini. Walitokea baharini. Mabaharia wa Kiyemeni walianza kukaa South Shields, mji wa bandari wa huko huko kaskazini-mashariki, tangu mwishoni mwa karne ya 19, wakilisha makaa katika matanuri ya meli, wakaoa huko, wakazaa, na mwaka 1919 na 1930 wakapigana na wenyeji barabarani kwa ajili ya kazi za melini. Siku zangu za mapumziko nilikuwa nikipanda basi kwenda huko kutafuta nyama ya halali, na mzee mmoja aliyewahi kutia nanga Mombasa alinisalimia kwa Kiswahili ambacho sijui hadi leo alikihifadhi wapi kwa miaka yote hiyo. Kuhusu watu weusi, nakitazama kile kipindi cha mwaka 2012 ambamo Lenny Henry anacheza baba wa msichana aliyeuawa, naye amesimama mbele ya polisi akiwa amejizuia mabega na mikono, na nawakumbuka wanaume niliowaona wamesimama vile vile. Kipindi hicho kinahusu mwaka 1968. Mwaka huo Bunge la Uingereza lilitumia siku tatu tu kupitisha sheria ya kuwazuia Wahindi wa Kenya wasiingie na pasipoti ambazo Uingereza hiyo hiyo ilikuwa imewapa, na tarehe 20 Aprili mbunge Enoch Powell alitoa hotuba yake ya kupinga wahamiaji huko Birmingham, na siku tatu baadaye makuli wa bandari ya London wakaandamana hadi bungeni kumuunga mkono. Aliyeandika dirishani kwake kwamba hapangishi chumba kwa watu wa rangi hakuwa amevunja sheria yoyote hadi Novemba 1968, maana sheria ya kwanza ya kupinga ubaguzi, ile ya mwaka 1965, ilihusu hoteli, baa na mahali pa namna hiyo, ikanyamaza juu ya nyumba na kazi.

Ndizo hizo enzi za utulivu. Hata pauni haikutulia: kila mwezi nilimtumia mama yangu pauni 2, naye alipokea shilingi 40 kamili posta, hadi Novemba 1967 waliposhusha thamani ya pauni na shilingi yetu ikabaki pale pale, akaanza kupokea 34 na senti kadhaa. Aliniandikishia barua kuniuliza nimewakosea nini Wazungu hadi wanikate mshahara.

Sisemi kwamba tamthilia haina kasoro. Barabara zake ni safi mno. Sikuona masizi ukutani wala nguo nyeupe zilizoanikwa zikageuka kijivu kabla hazijakauka. Vipindi vya mwanzo vilipigwa Ireland, nikapoteza jioni nzima nikiutafuta mtaa ambao haukuwapo. Vitabu vya Alan Hunter vilivyozaa tamthilia hii viliwekwa Norfolk, mashariki mwa Uingereza, na kuna wanaoudhika kwamba Inspekta amehamishwa, lakini mimi nasema alihamishwa penye hadithi nyingi zaidi: migodi ya makaa inafungwa, nyumba za wafanyakazi zinabomolewa, na madiwani wanapata utajiri usioelezeka. Tena Sajini Bacchus, ambaye kijana wenu anamwona hapendeki, ndiye mtu wa kweli kuliko wote mle ndani. Anacheka mzaha mbaya, anajifunza, kisha anasahau alichojifunza. Nimefanya kazi na akina Bacchus kumi.

Na tukiwa katika mada hii ya kuigiza zama zilizopita, Mhariri, niseme na hili ambalo limenikaa kooni. Juzi nilitazama mchezo wa kwetu unaohusu mwaka wa uhuru, katika kituo ambacho sitakitaja, na wazee wa baraza walikuwa wameketi juu ya viti vya plastiki vyeupe, vile vya kupanga kwenye harusi, na mmoja wao ana alama ya mkanda wa saa kubwa ya kisasa ambayo nadhani aliambiwa aivue dakika ile ile. Hatukosi hadithi. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, mafuta ya kujichubua na suruali za kubana vikapigwa marufuku Dar es Salaam, wasichana wakafukuzwa mitaani na kushushwa kwenye mabasi kabla hata tarehe yenyewe haijafika. Mpeni inspekta mmoja mji huo na maiti moja, muone kama kutakosekana mashahidi wenye sababu ya kunyamaza. Lakini nani atatengeneza, ikiwa wahakiki wenyewe wanadhani zama ni kofia na magari?

Sitaki mumfukuze kazi kijana wenu. Nina wajukuu, najua ajira zilivyo. Ninachopendekeza ni hiki. Kabla hajaandika tena juu ya miaka ya sitini, apewe pauni 3, shilingi 7 na peni 6 kwenye karatasi, azigawe kwa wiki nne bila kutumia simu, akikumbuka kwamba pauni ya kule ilikuwa na shilingi 20, na shilingi yao ilikuwa na peni 12 na si senti 100 kama yetu. Akipata shilingi 16 na peni 10 na nusu, aje Tanga siku ya Alhamisi baada ya alasiri, simu yake aiweke ndani ya pipa langu la mchele, tutazame kipindi kimoja, kimoja tu, tangu mwanzo hadi mwisho, na kila atakaposema kinakwenda polepole nitakizima nimsimulie usiku mmoja wa zamu. Kahawa nitapika mimi, halua aje nayo. Kiti cha plastiki ninacho, atakalia hicho.

Muuguzi mstaafu,
Tanga
(Jina na anwani nimempa Mhariri)