Mwanangu, Usiwapunje Wanafunzi

Mwanangu mpendwa,

Ratiba ya ziara yenu ya muziki nimeipata. Miji ni mingi, siku ni chache, na darasa la wanafunzi wa utunzi wa muziki naona mmelibana katikati ya mazoezi na onyesho. Hapo ndipo ninapotaka kukusumbua kidogo.

Najua itakavyokuwa. Mazoezi yatachelewa, mpiga chelo atataka kurudia ukurasa wa mwisho, nawe utasema, "Wanafunzi tuwapunguzie nusu saa, wataelewa." Wataelewa kweli, maana wana adabu. Lakini usifanye hivyo. Utunzi wako mtaupiga tena mji unaofuata. Kijana aliyekuja na kurasa zake tatu huenda hajawahi kuzisikia zikipigwa na watu. Kompyuta ndiyo imempigia, na kompyuta haichoki mkono wala haiishiwi pumzi. Ameandika sauti iliyo chini kuliko uzi mnene kabisa wa fidla, nayo ikaitoa bila kulalamika. Mwache mpiga fidla aitazame noti ile, acheke, kisha aupige uzi huo mtupu: "Kwangu mimi, mwisho ni hapa." Somo hilo ni la sekunde chache, na hotuba yako yoyote haitalifikia.

Kwa hiyo usianze kwa kuwaeleza habari za kazi zako. Watunzi wageni wana tabia hiyo: picha ukutani, maelezo marefu, halafu dakika tano za maswali. Anza na karatasi zao. Zipigwe, umuulize mwenyewe kama hicho ndicho alichokusudia, zipigwe tena. Mtunzi Schoenberg na wenzake kule Vienna, Austria, katika chama chao cha mwaka 1918 hadi 1921, walipiga marufuku makofi, na kazi mpya wakawa wanazirudia ili watu wapate kuzizoea. Makofi waachie, ni vijana. Kurudia ndiko usikoacha.

Tena umchunguze mtu anaficha nini. Piazzolla, mtunzi wa Argentina, alipokwenda Paris mwaka 1954 kusoma kwa mwalimu wa utunzi Nadia Boulanger, alimpelekea simfoni na sonata zake, tango, ule muziki wa dansi wa kwao, akaificha kwa aibu. Mama yule akambana mpaka akampigia tango kwenye piano, ndipo akamwambia kwamba Piazzolla wa kweli ni huyo. Darasani kwako hatakosekana mmoja anayeiga mtindo anaodhani wewe unaupenda. Muulize hupiga nini akiwa peke yake.

Mengine ni ya safari tu. Kama utunzi wako unadai kugusa nyuzi za ndani ya piano, waandikie wenye ukumbi mapema. Wako wanaokataa katakata, na huwezi kuwalaumu. Mwenye upinde wa fidla wa zamani wenye kipande cha pembe ya ndovu kwenye ncha auache nyumbani, forodhani hawana mzaha na kitu hicho. Klarineti ya mwenzenu ni ya mpingo: akitoka kwenye baridi asiipulize papo hapo, aiache ipate joto taratibu, kwa maana pumzi ya moto ndani na ubaridi nje hupasua hata mti mgumu kama ule.

Halafu karatasi ya noti ya mpiga viola. Nimeipitia. Ukurasa wa pili unaishia katikati ya mbio za noti, mikono yote miwili ina kazi, sasa atafunua kwa meno? Usogeze mwisho wa ukurasa hadi pale anaponyamaza, ndipo uchapishe upya. Na vipimo vyote, yaani vile vipande vinavyogawa mstari wa noti, uvitie namba, maana kwenye mazoezi na watu ambao lugha zenu hazipatani, "arobaini na mbili" huonyeshwa hata kwa vidole.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama koti zito umelifungasha. Rekodi zikipatikana, nitumie ya darasa kwanza. Ile ya ukumbini inaweza kungoja.

Ni mimi,
Baba yako