Gari si simba: swala akigongwa tusiseme ni asili

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji wenu mmoja aliandika kwamba mnyama wa porini akiumia aachwe, kwa sababu pori lina utaratibu wake na mkono wa binadamu ukiingia unaharibu. Barua ile niliisoma nikiwa kwenye foleni ya mizani, nikairudia nikiwa nyumbani. Nusu yake nakubaliana nayo kabisa. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya niazime kalamu kwa binti yangu.

Mimi ni dereva wa semi. Nilianza nikiwa utingo mwaka 1996, nikashika usukani mwaka 2001, na njia yangu ni ileile: Dar es Salaam, Morogoro, Iringa, Tunduma. Kwa hiyo Hifadhi ya Mikumi nimeikatiza mara ambazo siwezi tena kuzihesabu. Kwa wasioijua, barabara kuu ya kwenda Zambia inapita ndani ya hifadhi kwa kilomita kama 50. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1964, lami ikaja baadaye, kwa hiyo dereva anayelalamika kwamba wanyama wanamfuata barabarani aangalie nani alitangulia kufika. Kushoto nyati, kulia pundamilia, katikati sisi na tani 30 za mbolea.

Mwaka jana, msimu wa kiangazi, saa mbili usiku, nilikuwa nimeshaipita Doma na nimo ndani ya hifadhi, mwendo 50 kama kibao kinavyotaka usiku. Gari dogo la IT likanipita kama linafukuzwa. Wenye njia wanayajua hayo: magari yanayoshushwa bandarini kwenda nchi jirani, na dereva analipwa akifika, si akifika salama. Taa zake za breki nikaziona zimewaka mara moja kule mbele, zikazimika, gari likaendelea na safari.

Nilipofika pale taa zangu zikamkuta swala pala, jike, amekaa katikati ya njia. Amekaa kama mbuzi anayecheua, kichwa juu, masikio yamesimama, ananitazama. Miguu ya mbele ilikuwa mizima. Anajiinua nayo, kiuno kinabaki chini, anaanguka. Anajiinua tena. Kwato zikikwaruza lami nilizisikia na injini ikinguruma.

Nikasimama, nikawasha hazadi. Utingo wangu, kijana wa miaka 22, alikuwa ameshachomoa kisu chini ya kiti.

"Mzee, bado ana roho. Tumuwahi kabla hajawa kibudu."

Nikamdaka shati. Wala sikuwa na huruma kumshinda yeye. Yeye angalau alitaka kummalizia mateso na kupata kitoweo kwa mpigo mmoja. Lakini ndani ya hifadhi mtu hashuki garini hovyo usiku, maana huwezi kujua kwenye majani yale kuna nani mwingine aliyesikia kishindo. Halafu nyama ile haikuwa yetu. Ukikutwa na paja la swala kabini huna maneno ya kumwambia hakimu; ni nyara ya serikali, hata kama aliyemgonga ni mwingine.

"Basi tumwache hivihivi?"

Ndugu Mhariri, swali la msomaji wenu ndilo hilo, ila mimi niliulizwa na mtu mwenye kisu mkononi.

Kumzunguka na semi isingewezekana bila tela kumpitia. Kuna madereva watakaosema ningempitia tu, yaishe. Labda. Sikuweza. Nikapiga simu ya hifadhi, nikaziba njia kwa taa kubwa ili wanaokuja waone kuna jambo, tukakaa tukitazamana naye. Dakika kama arobaini. Nyuma yangu kulikuwa na malori manne na basi moja, na abiria wa basi walikuwa na ushauri mwingi, wengi wao wa upande wa kisu.

Askari walikuja wawili na Land Cruiser. Mmoja akammulika tochi, akampapasa mgongo taratibu, akamtazama mwenzake, akatikisa kichwa. Uti wa mgongo ulikuwa umekatika. Risasi moja. Kilichofuata ndicho sikuwa nimewahi kukifikiria kwa miaka yote ile: walimshika miguu, wakamburuta mbali ndani ya majani, mbali hasa, mpaka tochi ikawa nukta. Waliporudi nikauliza kwa nini wasimwache hapo pembeni.

"Mzee, nikimwacha pembeni fisi atakuja kula usiku huu, na semi inayofuata itamgonga fisi. Asubuhi tumbusi watashuka hapahapa, nao watagongwa."

Kwa hiyo mwenzangu akiandika "tuache asili ifanye kazi yake", namuuliza: asili ipi? Simba akimvunja nyati mgongo, hiyo ni meza ya simba, na mtu wa kwenda kumfukuza kwa honi anamnyima mwenye njaa. Hapo niko naye. Lakini gari la IT lenye mwendo 120 si mnyama wa Mikumi. Waya wa mtego unaomkata tembo mkonga ulitoka dukani, ukakunjwa na mtu, ukatundikwa na mtu. Mwaka 1994 kule Serengeti karibu theluthi moja ya simba walikufa kwa ugonjwa unaoaminika kutoka kwa mbwa wetu wa vijijini. Baadaye mbwa wa vijiji vya jirani wakaanza kuchanjwa. Angesimama mtu siku ile akasema simba wafe tu, pori lijipange, tungemwonaje?

Lakini kusaidia nako kuna kusaidia na kuna kuua. Hili nalijua kwa aibu yangu mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 1998, zile mvua za El Niño, tulikwama siku mbili chini ya mlima wa Kitonga, foleni ya malori haina mwisho. Nikashuka kuchimba dawa vichakani, nikakanyaga karibu na mtoto wa pongo. Rangi ya kahawia, madoa meupe, amelala shingo imenyooka chini kama amebandikwa. Hakukimbia. Nikamgusa, hakukimbia. Nikambeba kwa furaha kama niliyeokota pesa, nikamwonyesha dereva wangu, naye Mungu amrehemu alikuwa mtu wa huruma sana, akasema huyu yatima, mama yake kasombwa na maji. Tukamviringisha kitenge, tukamweka kitandani nyuma ya viti, tukamnywesha maziwa ya kopo kwa chupa ya soda. Siku ya tatu, tumefika Makambako, tumbo limevimba, anaharisha, akafa saa nne asubuhi mapajani mwangu.

Niliporudi njia ile nilimsimulia mzee mmoja muuza vitunguu pale Ruaha Mbuyuni, nikitegemea atanipa pole. Aliniambia pongo jike humficha mtoto kichakani akaenda kula, kisha hurudi kumnyonyesha, na mtoto kazi yake ni kulala kimya asinuke wala asitikisike. "Ulimwibia," akasema, akaendelea kufunga vitunguu vyake.

Binti yangu alinisomea kwenye simu kisa cha hifadhi ya Yellowstone huko Marekani, mwaka 2016. Wageni walimwona ndama wa baisani, yule nyati wa kwao, wakadhani anasikia baridi, wakampakia garini wakampeleka kwa askari. Askari walijaribu kumrudisha kundini, kundi likamkataa. Akawa anayafuata magari na watu, mwisho wakalazimika kumuua. Nilipomaliza kusikiliza nikamwambia binti, hao ni ndugu zangu.

Kwa hiyo simtetei mtu wa kushuka na kitenge, wala wa kushuka na kisu. Bweha anayekusogelea kwa upole huenda ana kichaa cha mbwa, na mate yake yatakukuta na kidonda kidogo tu. Hata madaktari wa wanyamapori wenyewe kazi yao si ya mchezo: ile dawa wanayomlazia tembo ili wamtoe waya, kiasi kidogo tu kikimwingia mtu kinaweza kumuua, na twiga akilazwa vibaya anaweza kufa kwa lile anguko na shingo yake ndefu. Sisi wa barabarani kazi yetu ni kusimama mahali salama, kuwasha taa, kupiga simu na kungoja. Hapo kwenye kungoja ndipo kwenye shida, na hapo ndipo ninapotaka gazeti lenu linisaidie kufikisha ujumbe kwa watu wawili: wa kwanza ni wenye hifadhi.

Mabango ya Mikumi yana orodha ya wanyama, na kila mnyama faini yake. Siyapingi, na yameokoa wengi. Lakini madereva tukikaa kwenye chai mazungumzo ni haya: aliyegonga akakimbia halipi, aliyesimama kumsaidia mnyama ndiye anayekutwa naye. Usiku ule askari alimulika bampa langu lote, akatafuta damu na manyoya, hakuona, akanishukuru. Alitenda haki. Lakini mimi nilijua kwamba bampa lile lingekuwa na mbonyeo wa zamani, ningekuwa na maelezo marefu ya kutoa, na hofu hiyo ndiyo inayowafanya wenzangu wapite kama hawakuona. Itangazwe wazi, kwenye mabango hayohayo na kwenye mafunzo ya udereva, kwamba anayepiga simu na kubaki ni shahidi mpaka ithibitike vinginevyo. Na namba ya simu iandikwe kubwa kuliko faini ya twiga.

Wa pili ni matajiri zetu, wenye magari. Siku hizi magari yana kifaa cha kuyafuatilia; ukisimama njiani, ofisini wanaona. Kesho yake asubuhi tajiri alinipigia: dakika 52 ndani ya hifadhi ulikuwa unafanya nini? Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Huyo swala ndiye ananilipia dizeli?" Sina ugomvi naye, ana mikopo ya benki, lakini posho ya safari ile ilikatwa, na utingo wangu alikuwepo akisikia. Kijana akishajifunza kwamba kusimama kunakatwa pesa, barua yangu hii ataisoma kama hadithi.

Tulirudi kutoka Tunduma baada ya siku tisa na mzigo wa mahindi, mchana. Kijana akaniomba nipunguze mwendo pale mahali. Majani yalikuwa yamelala kwa upana wa mkeka, mfupa haukuonekana hata mmoja.

"Kilo arobaini zote zile," akasema, "fisi wamefaidi."

Kisu bado kipo chini ya kiti. Anamenyea machungwa.

Dereva wa semi,
Kihonda, Morogoro.